MBA ya usimamizi wa miradi kwa njia ya mtandao: unanunua nini hasa?

Chukua tangazo la kazi ya meneja wa mradi, liwe la shirika lisilo la kiserikali Dodoma au la kampuni ya ujenzi Nairobi, ushuke mpaka kwenye sifa za mwombaji. Aghalabu utakuta maneno ya namna hii: awe na shahada ya uzamili katika usimamizi wa biashara (MBA), usimamizi wa miradi au fani inayofanana na hizo, mwenye cheti cha PMP atapewa kipaumbele. Humo mna vitu vitatu visivyolingana. Cha kwanza kinafundisha kuendesha kampuni, cha pili kinafundisha kuendesha mradi, na cha tatu si shahada kabisa, ni cheti cha chama cha wanataaluma chenye makao Marekani. Aliyeandika tangazo amevipanga kana kwamba ukikosa hiki unachukua kile. Msomaji naye akifungua simu anakutana na tangazo la chuo: MBA yenye mkondo wa usimamizi wa miradi, yote kwa mtandao, miezi 18. Anaona amepata vyote vitatu kwa mkupuo.

Hajavipata. Si kwamba shahada hiyo ni ya uongo. Ni shahada halali, na kwa mtu fulani aliyefika hatua fulani ya kazi ina faida kubwa. Ila imebeba mambo manne kwa wakati mmoja: biashara, miradi, mtandao, na lile lisiloandikwa kwenye tangazo, yaani nani ataitambua ukirudi nayo. Kila moja lina hesabu yake.

Swali la kwanza na swali la pili

MBA ilianza Harvard mwaka 1908, na mifupa yake haijabadilika sana tangu hapo: uhasibu, fedha, masoko, uchumi, watu, mikakati. Chuo kinapotangaza mkondo wa usimamizi wa miradi, kwa kawaida kimeongeza kozi tatu hadi tano juu ya mifupa hiyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya masomo yako itakuwa mizania, bei, ushindani na sheria za mikataba, na mradi utaonekana kwa mbali. Anayetaka mradi uwe somo lenyewe toka siku ya kwanza ana njia nyingine. Chuo Kikuu cha Nairobi kina uzamili wa upangaji na usimamizi wa miradi ambao umejaza maofisa wa mashirika na serikali za kaunti nchini Kenya. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kina uzamili wa usimamizi wa miradi. Humo ratiba, zabuni, ufuatiliaji na tathmini ndivyo vinavyotawala, na fedha za kampuni zinaguswa kidogo tu.

Tofauti ya njia hizi mbili inaonekana vizuri zaidi kwenye mradi halisi. Bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, EACOP, linatoka Hoima nchini Uganda hadi rasi ya Chongoleani mjini Tanga, kilomita 1,443. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na yakipoa yanaganda, hivyo bomba sharti lipashwe joto njia nzima. Kutandaza mabomba hayo, kuyawekea nyaya za joto, kulipa fidia kwa wenye mashamba na kuoanisha wakandarasi wa nchi mbili, hiyo ni kazi ya usimamizi wa miradi. Lakini kabla ya mtaro wa kwanza kuchimbwa kulikuwa na swali kubwa zaidi: bomba lipite wapi, na je, lina maana kibiashara? Kenya ilitaka lipite kwake hadi Lamu. Aprili 2016 Uganda ikatangaza kwamba imechagua Tanga, kwa hoja za gharama, usalama wa njia na wepesi wa kupata ardhi. Ikafuata miaka ya kutafuta fedha na kujadiliana kodi, benki kadhaa kubwa zikakataa kuhusishwa kwa sababu za mazingira, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ukatangazwa Februari 2022. Mambo hayo yote ni ya MBA. Meneja wa ujenzi alipofika, maswali ya namna hiyo yalikuwa yameshajibiwa na watu wengine mezani kwao.

Kwa maneno mafupi, MBA inauliza kama mradi ufanyike, na usimamizi wa miradi unauliza utafanyikaje. Mameneja wengi wa miradi katika nchi zetu ni hodari wa swali la pili na hawajawahi kualikwa kwenye la kwanza. Shahada yenye vyote viwili inamfaa yule anayetaka kuvuka kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Kwa anayetaka kubaki chumba cha pili na kukimudu vizuri, ni njia ndefu na ya gharama.

Tuweke tarakimu kidogo, kwa sababu bila tarakimu maelezo haya hubaki hewani.

Kampuni ya kusaga mahindi inataka kujenga ghala. Gharama ni shilingi milioni 100 leo, na mwisho wa mwaka wa tatu ghala litakuwa limerudisha milioni 125 kwa mkupuo mmoja. Mtu wa kawaida ataona faida ya milioni 25. Lakini fedha za kujengea zimekopwa benki kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka. Milioni 100 zikikua kwa asilimia 15 kila mwaka zinafika milioni 152 baada ya miaka mitatu. Ukiigeuza hesabu hiyo, milioni 125 za mwaka wa tatu zina thamani ya milioni 82 tu za leo. Ghala limekula milioni 18, hata kama lilijengwa kwa wakati, ndani ya bajeti, bila fundi kuumia hata kidole. Mradi umefanikiwa na biashara imeumia. Kuliona hilo kabla ya kusaini mkataba ndiyo kazi ya somo la fedha kwenye MBA.

Sasa njoo upande wa pili. Halmashauri inajenga zahanati ya shilingi milioni 200 kwa miezi kumi. Mwisho wa mwezi wa tano, kazi ya thamani ya milioni 100 ilitakiwa iwe imekamilika. Mhasibu anaangalia vitabu vyake: zimetumika milioni 110. Anaripoti kwamba wamezidi kwa milioni 10, si vibaya sana. Mhandisi anakwenda eneo la ujenzi na kupima kilichosimama: msingi, kuta, lenta, paa bado. Thamani ya kazi hiyo kwa bei za bajeti ni milioni 80. Hapo picha inageuka. Kazi ya milioni 80 imegharimu milioni 110, maana yake kila shilingi inayotoka inaleta kazi ya senti 73 hivi. Ikiendelea kwa mwendo huo, zahanati ya milioni 200 itakamilika kwa takriban milioni 275. Na kwa upande wa muda, wamefanya 80 pale walipotakiwa kuwa na 100, wako nyuma kwa moja ya tano. Vitabu vya mhasibu havikuwa na kosa. Havikuulizwa tu kazi imefika wapi. Hesabu hii ya kulinganisha thamani ya kazi iliyofanyika na fedha iliyotoka ni moja ya vitu vya kwanza ambavyo mkondo mzuri wa miradi utakufundisha, na ukitaka kupima kozi ya miradi kabla ya kulipa, uliza inafundishwa wiki ya ngapi na kwa mazoezi gani.

Mbinu nyingine utakazokutana nazo zina historia ya viwanda na vita. Ile ya kutafuta mlolongo wa kazi ambao ukichelewa siku moja mradi wote unachelewa siku moja ilitengenezwa na kampuni ya kemikali ya DuPont pamoja na Remington Rand mwaka 1957. Mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani likaja na ndugu yake kwa ajili ya makombora ya Polaris. Kisha Februari 2001 watu 17 watengenezaji wa programu za kompyuta walikutana kwenye milima ya Utah na kuandika tamko lililogeuza mambo: badala ya kupanga kila kitu mwanzoni, fanya kazi kwa vipande vifupi, mwonyeshe mteja, rekebisha. Kozi nzuri inafundisha mitazamo yote miwili na inakwambia wapi kila mmoja haufai. Huwezi kumwaga zege la daraja kwa vipande vya majaribio. Wala huwezi kuandika leo kila kitu ambacho programu ya simu itafanya miaka miwili ijayo.

Cheti hakiingii ndani ya shahada

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. PMP inatolewa na Project Management Institute, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1969, na mtihani wake umekuwepo tangu 1984. Kumaliza MBA hakukupi PMP. Ili uruhusiwe kuufanya mtihani, ukiwa na shahada ya kwanza, unatakiwa uthibitishe miezi 36 ya kuongoza miradi pamoja na saa 35 za mafunzo ya usimamizi wa miradi. Asiye na shahada anatakiwa awe na miezi 60. Baada ya kufaulu, kila miaka mitatu unakusanya pointi 60 za mafunzo na kazi za kitaaluma, la sivyo cheti kinakufa. Shahada haifi.

Kuna kiungo kimoja kati ya viwili hivi ambacho matangazo hukitaja kwa maandishi madogo. Chama hicho kina kituo cha ithibati kinachojulikana kwa kifupi kama GAC, kinachokagua programu za vyuo vikuu. Ukihitimu programu yenye ithibati hiyo, miezi 36 ya uzoefu inashuka hadi 24. Kwa kijana mwenye miaka miwili ya uzoefu, huo ni mwaka mzima umeokolewa. Lakini ithibati hiyo hutolewa kwa programu, si kwa chuo kizima. Chuo kinaweza kuwa nayo kwa uzamili wake wa usimamizi wa miradi na kisiwe nayo kwa MBA yenye mkondo wa miradi, huku ukurasa wa matangazo ukionyesha nembo bila kueleza.

PRINCE2 ni mnyama mwingine. Ni mfumo uliozaliwa serikalini Uingereza na kuchukua sura hiyo mwaka 1996, na ngazi yake ya kwanza haidai uzoefu. Unakutana nao zaidi kwenye taasisi zinazofadhiliwa au kusimamiwa na Waingereza. Kwa mhandisi wa ujenzi wa Tanzania kuna jambo jingine tena: usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ndio unaompa mamlaka ya kutia saini kazi ya kihandisi, na hakuna MBA, ya mtandaoni au ya darasani, inayoziba nafasi hiyo.

Maoni yangu, na mtu anaweza kuyapinga: mwenye uzoefu wa chini ya miaka mitano, anayeshinda eneo la mradi, aanze na PMP. Inagharimu sehemu ndogo sana ya ada ya MBA, na wasaili wanaielewa mara moja. MBA ije pale anapoanza kuulizwa mambo ya bajeti ya idara, mikopo, ubia na uajiri, maswali ambayo hakuna chati ya Gantt, ule mchoro wa ratiba ya mradi, inayoyajibu. Anayefanya kinyume, MBA akiwa na miaka 24 na mradi mmoja tu wa kujitolea nyuma yake, hukaa darasani akisikiliza wenzake wakizungumza mambo ambayo hana pa kuyashikiza.

Mtandao haupunguzi kazi

Elimu ya masafa si kitu kipya kwetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, enzi vitabu vya masomo vikisafiri kwa posta na basi. Kenya imeanzisha Chuo Kikuu Huria chake mwaka 2023, na hicho kimezaliwa mtandaoni moja kwa moja. Kilichobadilika ni njia ya kufikisha somo. Saa za kusoma ni zile zile, na hilo ndilo matangazo hulizunguka.

Piga hesabu mwenyewe. Uzamili wa Uingereza una krediti 180, na kila krediti inahesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza: kusoma, kusikiliza, kuandika, kufanya mazoezi. Jumla saa 1,800. Mtu mwenye ajira na familia anayeweza kujitolea saa 15 kwa wiki anahitaji wiki 120, yaani miaka miwili na zaidi ya robo, bila likizo, bila msiba, bila mtoto kuugua. Tangazo linalosema utamaliza kwa miezi 12 huku ukifanya kazi linakwambia usome karibu saa 35 kila wiki. Hiyo ni ajira ya pili. Marekani hesabu yao ni tofauti kidogo, krediti moja ni karibu saa 45, na MBA nyingi huanzia krediti 36 kwenda juu; ukizidisha unafika saa 1,620 na kuendelea. Huwezi kuikwepa.

Halafu kuna saa za ukutani. Kipindi cha moja kwa moja kinachoanza saa moja jioni New York wakati wa baridi kinakukuta Dar es Salaam au Mombasa saa tisa usiku. Wakati wao wa kiangazi, saa nane usiku. Cha London cha saa kumi na mbili na nusu jioni kinakufikia saa tatu na nusu au saa mbili na nusu usiku, watoto wamelala, hali inavumilika. Afrika Kusini ni tofauti ya saa moja tu. Vyuo vingi vinarekodi vipindi, lakini kazi za vikundi hazirekodiwi, na MBA imejengwa juu ya kazi za vikundi. Utapangwa na mtu wa Manila, mwingine wa Lagos na mwingine wa Toronto, mkubaliane saa ya kukutana ambayo kila mmoja yuko macho. Ajabu ni kwamba sehemu hii inayolalamikiwa kuliko zote ndiyo inayofanana zaidi na kazi yenyewe ya miradi ya kimataifa, ambapo mfadhili yuko Oslo, mkandarasi yuko Istanbul na wewe uko Kigoma.

Vifaa navyo vina masharti. Kusoma unaweza kusoma kwa simu, lakini mkondo wa miradi utakudai programu za ratiba, na Microsoft Project ya kwenye kompyuta inafanya kazi kwenye Windows tu, kwa hiyo mwenye Mac atafute njia ya kuzunguka. Miradi mikubwa ya ujenzi hutumia Primavera P6. Chuo kinachokupa mazoezi ya Primavera kwa mafaili ya mradi wa kweli kimekupa kitu ambacho utakionyesha kwenye usaili. Mitihani mingi siku hizi inasimamiwa kwa kamera: unazungusha kamera chumba kizima, mtu haruhusiwi kuingia, na mtandao ukikatika katikati kuna utaratibu wa kueleza. Usome utaratibu huo kabla, umeme wetu unajulikana.

Jambo jingine ambalo wanafunzi wengi hawalijui ni kwamba programu nyingi za mtandaoni za vyuo vya Marekani na Uingereza huendeshwa na kampuni za nje. Kampuni inatengeneza video, inatafuta wanafunzi na kugawana ada na chuo. Maarufu kati ya hizo, 2U ya Marekani, ilinunua jukwaa la edX mwaka 2021 kwa dola milioni 800, na Julai 2024 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Programu ziliendelea, lakini tukio lile liliwafungua watu macho. Kwa mwombaji maana yake ni nyepesi: yule mshauri wa udahili anayekupigia simu kila baada ya siku mbili na kukwambia nafasi zinaisha anaweza kuwa mtu wa mauzo ambaye hajawahi kukanyaga chuo chenyewe. Muulize nani anafundisha, nani anasahihisha kazi, na wangapi kati yao ni waajiriwa wa chuo. Akizunguka, umepata jibu.

Nani ataitambua

Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi iliyokuwa ikiuza shahada za vyuo visivyokuwepo kwa wateja duniani kote, ikiwa na tovuti nzuri, maprofesa wa kuigiza kwenye video, na zaidi ya yote, taasisi zake yenyewe za kuthibitisha ubora. Hilo la mwisho ndilo la kushika. Neno ithibati kwenye tovuti halina maana mpaka ujue nani ameitoa na nani anamtambua huyo aliyeitoa.

Kuna ngazi kadhaa, na watu huzichanganya. Ya chini kabisa, isiyo na mjadala, ni chuo kuruhusiwa kisheria kutoa shahada. Kwa Marekani, chombo kilichokipa chuo ithibati kiwe kinatambuliwa na Wizara ya Elimu ya huko au na baraza liitwalo CHEA. Vyote vina orodha wazi mtandaoni. Kwa England kuna rejesta ya Office for Students. Juu yake ndiyo zinakuja ithibati za shule za biashara: AACSB iliyoanza 1916, AMBA ya London, na EQUIS ya Ulaya. Shule yenye zote tatu ni ya kiwango cha juu, lakini kukosa hizo hakumaanishi shahada ni batili. Zipo shule nzuri za Afrika Mashariki ambazo hazina hata moja. Halafu GAC tuliyoitaja, ambayo ni ya mkondo wa miradi peke yake.

Ngazi inayokuhusu zaidi, lakini, iko nyumbani. Tanzania, shahada ya nje inapelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, kwa ajili ya kutambuliwa. Uganda ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Kenya utakutana na Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu na Mamlaka ya Sifa za Kitaifa. Wanaangalia chuo, programu, namna ulivyosoma, na pia ulivyoingia. Hili la kuingia linanasa watu: baadhi ya vyuo vya Uingereza hupokea kwenye MBA mtu asiye na shahada ya kwanza, akiwa na uzoefu wa kutosha kazini. Kule ni halali kabisa. Huku, mfumo unaotarajia shahada ya kwanza kabla ya uzamili unaweza kukuuliza maswali ambayo chuo chako hakikujiandaa kuyajibu. Walioko Muscat, Dubai au Doha waulize wizara ya huko kwanza, maana nchi za Ghuba zimekuwa na masharti makali zaidi juu ya shahada zilizosomwa kwa masafa. Swali lipelekwe kwa maandishi, jibu lihifadhiwe, kabla ya ada ya kwanza kulipwa.

Anayedhani haya ni urasimu mtupu akumbuke Aprili 2017, Rais Magufuli alipopokea Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyokuwa na majina ya watumishi wa umma 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ule ulihusu vyeti vya shule na ualimu, si MBA, lakini tangu wakati huo ofisi za utumishi zimezoea kuuliza, na mtu mwenye shahada halali isiyo na barua ya utambuzi hujikuta akijieleza pamoja na wenye za kuchonga.

Ada na bei ya dola

Bei zinatofautiana mno kiasi kwamba wastani hauna maana. Harvard ada peke yake inazidi dola 70,000 kwa mwaka, na huwezi kuisoma ukiwa Moshi. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Illinois kilianzisha MBA ya mtandaoni kupitia Coursera, jukwaa la kozi za mtandaoni, kwa takriban dola 22,000 kwa programu nzima, na ilivuta wanafunzi wengi kiasi kwamba mwaka 2019 chuo kilitangaza kufunga MBA yake ya darasani. Vyuo vya hapa nyumbani viko chini zaidi ya hapo, na ada yao iko kwa shilingi.

Hili la shilingi lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa takriban shilingi 113 za Kenya. Januari 2024 ilivuka 160, kisha ndani ya miezi michache ikashuka hadi kukaribia 130. Mwanafunzi wa Nairobi aliyeanza 2022 akiwa na deni la dola 10,000 la kulipa kidogo kidogo alianza akihesabu shilingi milioni 1.13; kama malipo yake makubwa yaliangukia kwenye kilele, kila dola ilimgharimu zaidi ya asilimia 40 juu ya alichopanga. Hakusoma zaidi wala hakufeli somo. Kwenye daftari la hatari ambalo kila meneja wa mradi hufundishwa kulitunza, kushuka kwa shilingi kungekuwa mstari wa kwanza, pamoja na hatua yake: kulipa kwa kozi badala ya kujifunga kwa mwaka, au kutenga akiba ya dola mapema.

Ukimwomba mwajiri achangie, usimpelekee ombi la kusomeshwa. Mpelekee ile hesabu ya ghala: inatoka kiasi gani, lini, inarudi nini, kwa riba gani. Waajiri wengi hulipa nusu kwa masharti ya kubaki miaka kadhaa, na wengine hulipa mtihani wa PMP tu kwa sababu matokeo yake yanaonekana mwaka huo huo.

Na kwa yule ambaye bado hajui kama anaupenda uwanja huu, kuna njia za kuonja bila kujifunga. Google ilianzisha mwaka 2021 kozi ya cheti cha usimamizi wa miradi kwenye Coursera, ya watu wanaoanza kabisa. Inalipiwa kwa mwezi, haihitaji shahada, na saa zake za mafunzo zinatosha kuombea CAPM, mtihani mdogo wa Project Management Institute unaodai saa 23 tu za masomo na hauulizi uzoefu. Kwa ngazi ya uzamili, Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kina shahada ya usimamizi wa uhandisi kwenye jukwaa hilo hilo ambayo haikuombi nakala za matokeo ya zamani ili kukupokea: unalipia kozi chache za mwanzo, ukizipata kwa alama inayotakiwa umeshaingia, na krediti zake zinahesabiwa ndani ya shahada. Ukiona hazikufai, umepoteza ada ya kozi hizo na wikiendi kadhaa.